Masomo ya Watoto Wafanyao Kazi Mjini Nairobi

Mtu aliyefika Nairobi katika miaka ya 1970 hakukosa kuwaona wavulana wakikimbia mbele ya magari, wakiwaonyesha madereva mahali pa kuegesha. Kwa kazi hiyo walipewa senti chache. Wengine walikusanya karatasi kuukuu, chupa na vyuma, wakaviuza kwa kilo. Wasichana hawakuonekana sana, lakini kazi yao haikuwa ndogo: walilea watoto wachanga, waliteka maji mifereji ya mbali, na waliuza mboga kando ya njia.

Watu wengi waliwaita wahuni. Neno hilo halikuwa la haki, maana wengi wao walikuwa na mama nyumbani, huko Mathare au Pumwani, na zile senti ndizo zilizonunua unga wa jioni.

Yafaa kuuliza kwa nini hawakuwa shuleni. Mwaka 1974 Serikali iliondoa ada katika madarasa manne ya kwanza, na furaha ilikuwa kubwa. Lakini majengo hayakutosha, kwa hiyo shule nyingi zikatoza fedha za ujenzi, na sare ikabaki juu ya mzazi. Mkulima aliyepewa ng'ombe bure, naye hana majani ya kumlisha, ataielewa shida hiyo upesi. Tena mvulana wa miaka kumi na mitatu huona haya kuketi na watoto wa miaka sita.

Mwaka 1973 Padre Arnold Grol, mzaliwa wa Uholanzi, alikuwa amekwisha kuanzisha chama kiitwacho Undugu kwa ajili ya watoto hao. Baada ya miaka michache chama kikafungua masomo yake katika mitaa ya maskini, kama Mathare, Pumwani na Kibera. Masomo ya shule ya msingi yalifupishwa yakawa ya miaka mitatu, na mwaka wa nne ukawa wa kazi ya mikono.

Mwalimu wa watoto kama hao hana budi kuanza na yale wayajuayo. Mtoto auzaye karatasi kwa kilo hujumlisha na kutoa kichwani kabla hajaona tarakimu. Asilolijua ni kusoma mizani, kwa hiyo hawezi kutambua kama mnunuzi anampunja. Akiisha kujifunza namba hizo siku moja, kesho yake huzitumia, na faida huiona mkononi. Ndiyo maana mtoto aliyekwisha kuacha shule mara mbili huweza kurudi kwa mwalimu wa namna hii bila kusukumwa.

Wako waliosema ya kwamba masomo mafupi ni masomo ya kuwadharau maskini. Neno hilo lina uzito. Karani yeyote ajua ya kuwa ofisi huuliza cheti kwanza, nayo akili baadaye. Lakini waliosema hivyo hawakuonyesha shule nyingine ambayo ingempokea mtoto yule akiwa na mzigo wake wa chupa begani.

Mwaka 2003 ada za shule za msingi ziliondolewa tena, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka shuleni. Sheria ya mwaka 2013 ikamlazimu mzazi kumpeleka mtoto shule. Hata hivyo watoto waliendelea kuonekana katika jaa la Dandora wakiokota plastiki.

Katika mitaa ya mabanda shule za Serikali ni chache, basi watu wamejijengea zao za mabati. Mwaka 2009 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa kuzitambua shule za namna hiyo. Ada hulipwa kidogo kidogo, na wiki ambayo mboga za mama hazikuuzika, mtoto hukaa nyumbani, au hurudi jaani.