Vibao vya uongo kwenye intaneti: Mwenye fedha za mazao ajihadhari

MFANYABIASHARA wa maharage wa Kibondo anayepeleka magunia yake Kahama huamini kwamba lori likifika njia panda ya Nyakanazi, vibao vitaonyesha njia iliyo sahihi. Usiku mmoja mtu akisimika pale kibao chenye mshale wa uongo, dereva mgeni atapotea na mzigo, ingawa barabara yenyewe haina tatizo.

Intaneti nayo ina njia panda za namna hiyo. Suala hili linamgusa mkulima na mchuuzi wa Kibondo na Kasulu, kwa kuwa bei za masoko, maagizo ya wanunuzi na baadhi ya huduma za benki sasa hupitia humo.

Ujumbe unaotoka Kibondo hupita katika mitandao ya kampuni kadhaa kabla ya kufika uendako. Kila mtandao huwatangazia majirani zake anwani zinazofikika kupitia kwake. Matangazo hayo hufuata itifaki iitwayo BGP, iliyotolewa mwaka 1989, wakati mitandao ilikuwa michache na wenyewe wakiaminiana.

Kasoro yake ni kwamba haihakiki kama anayetangaza ana haki ya anwani hizo. Tena, tangazo linalotaja eneo dogo zaidi ndilo hufuatwa, kama dereva anayeacha kibao cha "Kahama" na kufuata cha "Kahama sokoni".

Februari 24, 2008, kampuni ya Pakistan Telecom ilitaka kuizuia YouTube ndani ya Pakistan. Tangazo lake likavuja nje, na kwa takribani saa mbili watu wa sehemu nyingi duniani wakashindwa kuifikia YouTube. Mwezi uliofuata tatizo lilifika Afrika Mashariki: kampuni ya AboveNet ya Marekani ilitangaza fungu la anwani 256 zilizokuwa za Africa Online ya Kenya.

Wezi nao wameutumia mwanya huo. Aprili 24, 2018, walipotosha njia za kwenda kwenye huduma ya majina ya tovuti ya Amazon. Wateja wa MyEtherWallet, huduma ya sarafu za kidijitali, wakajikuta kwenye tovuti ya bandia. Kwa muda wa saa mbili hivi ziliibwa fedha zenye thamani ya takribani dola 150,000 za Marekani.

Hata hivyo, programu za kufungulia tovuti zilitoa onyo kwamba cheti cha usalama cha tovuti hiyo hakiaminiki. Walioibiwa ni walioliona onyo hilo na bado wakabonyeza kuendelea.

Kwa mkulima, hasara ya namna hii ni nzito kuliko kwa mwajiriwa. Mshahara hurudi mwisho wa mwezi, lakini fedha za maharage au kahawa zikipotea, ada za shule na mbegu za msimu unaofuata hupotea pamoja nazo.

Dawa ipo. AFRINIC, taasisi yenye makao Mauritius inayogawa anwani za intaneti barani Afrika, imekuwa ikitoa tangu mwaka 2011 vyeti vinavyothibitisha ni mtandao upi unaoruhusiwa kutangaza anwani zipi. Lakini vyeti hivyo havisaidii iwapo mwenye anwani hakujisajili, au mitandao mingine haivikagui.

Kwa hiyo, chama cha ushirika au SACCOS inayolipia intaneti ya ofisi inapaswa kumwuliza mtoa huduma wake maswali mawili: Je, anwani zenu zina vyeti hivyo? Na je, mnayakataa matangazo yasiyolingana na vyeti?

Mkulima mmoja mmoja naye ana la kufanya. Akiona onyo la cheti wakati wa kufungua tovuti ya benki, aache hapo hapo bila kuandika namba ya siri, kisha apige simu benki. Kabla ya kuachia mzigo, aangalie salio lake mwenyewe, asitegemee ujumbe wa mnunuzi.

Huduma za fedha zinazofunguliwa kwa kubonyeza nyota na reli hazipiti kwenye intaneti ya wazi kati ya simu na kampuni, hivyo udanganyifu wa njia hauzigusi katika hatua hiyo. Bado namba ya siri haifai kutajiwa mtu yeyote.

Dereva mzoefu akikuta kibao kigeni Nyakanazi, husimama na kuuliza. Mwenye fedha za mazao kwenye simu naye afanye vivyo hivyo.