KORONGO NI MLANGO WA KISIMA

Mara nyingi katika ukurasa huu tumezungumza juu ya kuchemsha maji, kufunika mtungi na kunawa mikono. Mwezi huu tuanzie mbali kidogo, tuyatazame maji kabla hayajaingia ndooni. Je, maji ya kisima hutoka wapi? Na yale maji ya korongo, yanayopita kwa ngurumo leo na kesho yamekwisha, huenda wapi?

Wengi wetu huyaona maji hayo kuwa ya aina mbili zisizojuana. Ya korongo ni machafu, kwa hiyo hatuyanywi. Ya kisima ni safi, kwa sababu yametoka ardhini. Basi mtu hutupa taka korongoni asubuhi, na jioni huchota maji kisimani bila wasiwasi wowote. Kumbe mara nyingi maji ni yale yale, yamebadili njia tu.

Mto hunywesha ardhi, ardhi hunywesha mto

Chini ya miguu yetu kuna udongo, mchanga na miamba yenye nyufa. Mvua ikinyesha, sehemu ya maji hurudi hewani kwa nguvu ya jua na kwa njia ya mimea, sehemu hutiririka mitoni, na sehemu huzama chini na kujaza nafasi ndogo ndogo zilizo kati ya chembe za mchanga na ndani ya nyufa. Hayo ndiyo maji ya ardhini. Kwa kawaida hayakai kama ziwa ndani ya pango. Yameenea ndani ya mchanga na miamba yenyewe, nayo husogea polepole.

Kimo cha maji ya ardhini kikiwa juu kuliko maji ya mto, maji hutoka ardhini na kuingia mtoni. Ndiyo sababu iko mito itokayo Milima ya Uluguru ambayo huendelea kutiririka hata wakati wa kiangazi. Lakini kimo hicho kikiwa chini ya sakafu ya mto, mambo hugeuka: mto ndio unaonywesha ardhi. Makorongo mengi ya sehemu kavu ni ya namna hii. Tena mto mmoja waweza kupokea maji mahali fulani na kuyatoa mahali pengine.

Yaliyoonekana Makutupora

Mfano mzuri tunao Makutupora, kaskazini mwa Dodoma. Hapo pana visima virefu ambavyo tangu miaka ya 1950 vimeupatia mji huo maji. Dodoma hupata msimu mmoja tu wa mvua, kiasi cha milimita 550 hivi kwa mwaka, na jua lake ni kali. Basi akiba iliyomo ardhini hurudishwa na nini?

Kwa miaka mingi wafanyakazi wa maji walipima kimo cha maji visimani na kukiandika. Mwaka 2013 wataalamu wa maji wa Tanzania na wenzao wa Uingereza, wakiongozwa na Richard Taylor wa University College London (UCL), walichapisha kumbukumbu hizo za miaka 55. Zilionyesha jambo la ajabu. Katika miaka mingi kimo cha maji kilikuwa kinashuka tu. Kisha huja msimu wa mvua kubwa kupita kawaida, na kimo hupanda ghafla. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ndizo zilizoongeza maji mengi kuliko zote. Kwa maneno mengine, kisima hakijazwi na kila mvua. Hujazwa hasa na mvua zile kubwa ambazo sisi huziogopa.

Utafiti uliofuata mahali hapo hapo, uliochapishwa mwaka 2021, ulitazama njia ambayo maji hayo hupitia. Watafiti waliweka vipimo visimani na katika makorongo, ili waone korongo linapojaa kisima hufanya nini. Walikuta kwamba maji mengi huingia ardhini kupitia sakafu za mchanga za mito ya msimu, kama Kinyasungwe Ndogo. Korongo ambalo kiangazi hatulijali, kumbe ndilo mlango wa kisima.

Mlango huo hupitisha nini?

Hapa ndipo afya ya familia inapoingia. Mlango unaopitisha maji waweza kupitisha na vitu vingine. Mafuriko ya kwanza husomba kila kitu kilichorundikana korongoni miezi yote ya ukame: kinyesi cha watu na mifugo, mizoga, takataka, betri za redio, mabaki ya dawa za kuogeshea mifugo. Wale wanaokumbuka mvua za El Niño wanakumbuka pia kipindupindu kilichoenea sehemu nyingi za Afrika Mashariki wakati huo. Mvua zilizojaza akiba ya ardhini ndizo zilizosambaza uchafu.

Tusidhani kwamba haya huwapata maskini tu. Mwezi wa Mei mwaka 2000, katika mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada, mvua kubwa ilisomba vijidudu kutoka katika samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima kimoja kifupi cha mji. Maji hayakutiwa dawa ya kutosha. Watu 7 walikufa na wengine wapatao 2,300 waliugua. Walikuwa na mabomba na pampu za kisasa, lakini maji ya juu na maji ya chini yalikuwa yamekutana.

Je, mchanga hauchuji?

Tumewasikia akina mama wakisema, "Maji ya kuchimba mchangani ni safi, mchanga umeyachuja." Wamesema kweli, lakini ni nusu ya kweli. Maji yanapopita polepole katika mchanga laini kwa masafa marefu, vijidudu vingi hunaswa au hufa njiani. Lakini mchanga mkubwa na nyufa za miamba huyapitisha upesi mno. Kisima kilichochimbwa ndani ya korongo lenyewe hupata maji yaliyosafiri kidogo sana. Maji hayo yaweza kung'aa machoni na bado yakaleta kuhara au homa ya matumbo.

Tena iko sumu ambayo mchanga hauinasi wala moto hauiondoi. Inaitwa naitreti. Hutokana na vyoo, samadi na mbolea, nayo huyeyuka kabisa katika maji. Ikizidi, ni hatari hasa kwa watoto wachanga wanaopewa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo, kwa maana huizuia damu yao kubeba hewa safi. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, naitreti hubaki pale pale na kuwa kali zaidi. Dawa yake ni kuizuia isiingie.

Tufanye nini?

1. Tusafishe korongo kabla ya mvua, wala si baada yake. Tusijisaidie humo, tusitupe mizoga wala takataka, na tusioshee humo mabomba ya dawa za mifugo au mimea.

2. Choo cha shimo kiwe mbali na kisima angalau mita 30, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Sakafu ya shimo iwe juu ya maji ya ardhini angalau mita moja na nusu, hata wakati wa masika ambapo maji hayo hupanda.

3. Mifugo inyweshwe mahali pake, upande wa chini wa korongo, na watu wachote upande wa juu. Kisima kizungushiwe ua, kijengewe ukingo na kifunikwe. Kila nyumba isishushe ndoo yake yenye tope. Iwepo ndoo moja ya kisima.

4. Tulinde mchanga wa korongo. Madebe manne ya mchanga mkubwa uliojaa maji yaweza kutoa takriban debe moja la maji. Mchanga ukizolewa wote kwa ajili ya ujenzi, tumeuza ghala yetu ya maji.

5. Maji ya kunywa yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yachemshwe mpaka yatokote sawasawa. Yapozwe na kuhifadhiwa katika chombo chenye kifuniko. Baada ya mafuriko tusiache kufanya hivyo hata siku moja, hata kama kisima hakijawahi kutudhuru.

6. Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu, bila hata maji. Hivyo ataepushwa na vijidudu pamoja na naitreti.

Katika mambo haya sita, la kuchemsha na la kunyonyesha kila nyumba yaweza kulifanya peke yake. Korongo halitunzwi na nyumba moja. Anayeishi upande wa juu akitupa uchafu, wa chini ndiye atakayeunywa, na wa chini naye ana jirani aliye chini yake. Kwa hiyo yafaa majirani wakae pamoja kabla ya mawingu kukusanyika, watembee korongo lote kwa miguu, na kuulizana: katika haya tunayoyaona, ni lipi tungependa kulikuta katika kikombe cha mtoto?

Wahenga walisema, maji hufuata mkondo. Sisi tunaongeza neno moja: mkondo huo hauishii pale macho yetu yanapokoma kuuona.