Kifua Kikiwaka Moto Garsen: Ijue Dawa Kabla Hujaimeza

Siku ya mnada wa mifugo mjini Garsen, maduka ya dawa hupata wateja wa kila aina: mfugaji aliyeamka alfajiri kuswaga ng'ombe, mama aliyevuka Mto Tana kwa mtumbwi, dereva wa lori aelekeaye Lamu. Wengi hawana karatasi ya daktari. Mteja hushika chini ya kidari, akasema, "Nipe dawa ya kiungulia," akaweka noti juu ya kaunta. Muuzaji hukata vidonge vinne kutoka kwenye paneli, akavitia katika bahasha ndogo ya kaki, na biashara imekwisha. Mara nyingi hakuna aliyeuliza maumivu yalianza lini, wala aliyeeleza kidonge kimezwe kabla ya chakula au baada.

Kwa wengi dawa hiyo itafaa. Lakini katika Kaunti ya Tana River, ambako kufika hospitali ya Hola, ya Ngao au ya Malindi ni safari ya kutafutiwa nauli, duka la dawa limekuwa ndilo hospitali ya kwanza, na kwa wengine ndilo la pekee. Kwa hiyo ni lazima mnunuzi mwenyewe ajue anachomeza, na ajue pia kwamba kupata nafuu si ushahidi wa ugonjwa uliokuwapo.

Tumbo hutengeneza asidi kali ya kusaga chakula na kuua vijidudu. Umio unapokutana na tumbo kuna msuli wa mviringo unaojifunga chakula kikishapita. Msuli huo ukilegea, asidi hupanda, na umio hauna utando wa kuistahimili. Ndipo mtu huhisi moto nyuma ya kidari na ukali kooni, hasa akiinama au akijilaza. Mlo mzito wa usiku, mafuta mengi, sigara, unene na ujauzito huchochea hali hiyo.

Dawa za kwanza ni zile za kupooza asidi iliyokwisha kumwagika tumboni: maji mazito meupe ya chupa na vidonge vya kutafuna, vyenye alumini na magnesiamu. Hutuliza ndani ya dakika chache, na nguvu yake huisha baada ya saa chache. Unga wa kutoa povu kama Eno una sodiamu nyingi, hivyo mwenye presha asiufanye kinywaji cha kila siku. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha kaunta ni kwamba dawa hizi hunasa dawa nyingine tumboni zisiingie mwilini. Mama mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu, au mgonjwa aliyeandikiwa doksisaiklini, aache nafasi ya saa mbili au zaidi kati ya dawa hizo na ya kiungulia. Anayetumia dolutegravir kwa ajili ya Virusi vya Ukimwi aimeze saa 2 kabla ya dawa ya kupooza asidi, au saa 6 baada yake.

Kundi la pili hupunguza utengenezaji wa asidi. Ranitidini ilizoeleka humo kwa miaka mingi, lakini Aprili 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitaka iondolewe sokoni baada ya kugunduliwa kuwa na NDMA, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani. Famotidini ni ya kundi hilo hilo na haina tatizo hilo.

Kisha kuna omeprazoli, iliyoingia sokoni Ulaya mwaka 1988 na sasa inapatikana hadi vijijini. Hii ni dawa nzuri inayotumiwa vibaya. Haipoozi asidi iliyopo. Huzima mitambo inayoitengeneza. Humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula, bila kutafunwa, na huchukua siku tatu au nne kufikia nguvu yake kamili. Tiba ya kiungulia sugu kwa kawaida ni wiki 4 hadi 8, kwa hiyo vile vidonge vinne vya bahasha haviwezi kuimaliza kazi. Mwezi wa Ramadhani, anayefunga anaweza kuimeza nusu saa kabla ya daku, na baada ya kula asirudi kitandani papo hapo.

Lakini kuimeza miaka nenda miaka rudi bila kuangaliwa nako kuna hatari. Asidi ya tumbo ni mlinzi. Vijidudu vya kipindupindu, vilivyoisumbua Tana River mwaka 2023, hufa kwa wingi vinapokutana nayo. Asidi ikipungua sana, idadi ndogo tu ya vijidudu yatosha kumlaza mtu. Mto unapofurika na visima kuchafuka, kama ilivyokuwa Novemba 2023 na tena mwaka 2024, anayetumia dawa hizi anapaswa kuwa mwangalifu maradufu kuchemsha au kutibu maji ya kunywa.

Wapo pia wanaomeza dawa ya tumbo huku wakiendelea kumeza kinacholiharibu. Mkulima anayeinama shambani kutwa hununua diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya mgongo, naye huenda anajichimbia vidonda. Chanzo kingine kikubwa cha vidonda ni bakteria Helicobacter pylori. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria hao ili kuthibitisha kwamba huleta ugonjwa wa tumbo, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel. Vidonda hivyo huponywa kwa antibayotiki mbili au zaidi pamoja na dawa kama omeprazoli, kwa kawaida siku 14. Kipimo cha kinyesi ni bora kuliko cha damu, ambacho huweza kuonyesha maambukizi yaliyokwisha kupona.

Linalonitia hofu zaidi ni moyo. Maumivu ya mishipa ya moyo huja mtu akitembea au akibeba mzigo, na hutulia dakika chache akipumzika. Mtu huyo akikaa kivulini akanywa dawa ya kiungulia, sifa yote huenda kwa dawa. Maumivu yakibana kifua, yakisambaa mkononi, shingoni au tayani, yakija na jasho jembamba au pumzi kukatika, usinunue kitu. Tafuta gari la hospitali saa hiyo hiyo. Wenye kisukari na wanawake huenda wasihisi dalili zote hizo.

Nenda hospitali pia chakula kikikwama kooni, ukikonda bila sababu, ukitapika damu, choo kikiwa cheusi kama lami, au kiungulia kikirudi kila wiki licha ya dawa.

Serikali ya Kaunti ya Tana River ihakikishe kila dispensari ina dawa hizi na mtu wa kuzieleza. Wauzaji wa Garsen waulize maswali mawili matatu kabla ya kukata paneli. Nawe msomaji, usitoke dukani bila kuambiwa jina la dawa, saa ya kuimeza na siku ya kuiacha. Asiyeweza kukujibu hayo matatu hastahili kukuuzia dawa.