Kizuizi gani cha mafuriko kinaifaa nyumba ya Bagara?

Kizuizi cha mafuriko cha kuhamishika huwekwa mlangoni au kuzunguka jengo maji yanapokaribia, kisha huondolewa yakishapungua. Kinaweza kuwa kiroba cha mchanga, ubao unaochomekwa kwenye reli za chuma, au bomba nene la turubai linalojazwa maji. Kwa mkazi wa Bagara, mjini Babati, uchaguzi mzuri hautangulizi bei. Hutanguliza maswali matatu: maji yanatokea wapi, ukuta unahimili kiasi gani, na nani atakiweka kizuizi hicho mvua ikiwa inanyesha.

Babati ina maji ya namna mbili. Yapo ya Ziwa Babati, lililoufurikia mji mwaka 1990. Maji ya ziwa hupanda polepole na kukawia kuondoka, hivyo huwapa watu muda wa kujipanga lakini hudai kizuizi kisichovuja kwa siku nyingi. Yapo pia yanayoteremka kutoka miinuko inayouzunguka mji, ukiwemo Mlima Kwaraa. Haya huja kwa kasi na matope, hufuata barabara na mitaro, na huenda yakapita kwa saa chache. Nyumba iliyo kwenye njia yake inahitaji kizuizi kinachowekwa kwa dakika, si kwa nusu siku. Pale yanapokuja na mawe na magogo, kama yaliyoshuka kutoka Mlima Hanang' tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu zaidi ya 80, hakuna kizuizi cha mlangoni kitakachosaidia. Kinga ni kuhama mapema.

Swali la pili ni ukuta. Maji yaliyotulia yenye kina cha sentimita 30 husukuma kila mita ya ukuta kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 45 hivi. Kina kikifika sentimita 60, nguvu hiyo haiongezeki mara mbili bali mara nne, kilo 180. Ndiyo maana kwa nyumba ya kawaida ya matofali ya saruji haishauriwi kuzuia maji yapitayo sentimita 60 bila ushauri wa mhandisi: ndani pakiwa pakavu na nje pamejaa, ukuta unaweza kupasuka au kuanguka. Nyumba ya tofali mbichi ina shida nyingine. Hata mlango ukizibwa sawasawa, ukuta hunywa maji na kulainika kuanzia chini. Nyumba hiyo hunufaika zaidi na mtaro au tuta linaloyageuza maji kabla hayajaufikia ukuta.

Swali la tatu, nani atakiweka, hutegemea aina ya kizuizi. Viroba vya mchanga ndivyo vinavyopatikana kirahisi. Kiroba hujazwa nusu hadi theluthi mbili tu. Kikijaa pomoni huwa kigumu kama jiwe na kuacha mianya. Hulazwa, mdomo ukakunjwa chini yake, kisha hukanyagwa kijibane na mwenzake. Safu ya juu hufunika maungio ya safu ya chini, kama afanyavyo mwashi, na kitako huwa na upana wa mara tatu ya kimo. Karatasi ya nailoni ikitandikwa upande wa maji hupunguza uvujaji. Kwa kimo cha sentimita 30, mlango mmoja tu unaweza kumaliza viroba kumi na zaidi, na kila kimoja kina uzito wa kilo 15 au 20. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa bibi aliye peke yake nyumbani. Viroba vilivyolowa maji ya mafuriko havirudishwi stoo, kwa kuwa maji hayo huchanganyika na ya vyooni.

Ubao wa mlangoni unafaa zaidi kwa maji ya ghafla. Fundi wa kuchomelea hufunga reli mbili za chuma pembeni mwa mlango, na ubao imara usioharibiwa na maji au bati nene la alumini huteremshwa ndani yake. Siri iko kwenye mpira wa chini na pembeni, na kwenye sakafu: kizingiti kikiwa na mashimo, maji hupita chini. Watu wawili huufunga kwa dakika chache.

Mabomba ya turubai yanayojazwa maji hufaa shule, zahanati au ghala lenye uwanja tambarare. Yanahitaji pampu na chanzo cha maji, na kina kinachozuiwa lazima kiwe chini sana ya kimo cha bomba, la sivyo bomba huviringika. Mifuko inayovimba ikilowa ni myepesi kuhifadhi, lakini mingi hutumika mara moja tu.

Kizuizi chochote huvuja kidogo, kwa hiyo ndoo au pampu ndogo iwe ndani. Maji hupenya pia kupitia bomba la choo, tundu la bafu na matundu ya hewa; vali ya njia moja kwenye bomba la majitaka huyazuia yasirudi. Vilevile, kizuizi kisiyaelekeze maji kwa jirani: wenye majengo yaliyobanana wapange pamoja.

Agosti 2002, vizuizi vya alumini viliuokoa na mafuriko mji mkongwe wa Prague, Jamhuri ya Czech, kwa sababu misingi ya vizuizi hivyo ilikuwa imeshajengwa na vifaa viko tayari. Bagara nako, reli zifungwe na viroba vinunuliwe wakati wa kiangazi, zoezi lifanyike kabla ya mvua, na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zifuatiliwe. Ukutani ichorwe alama ya kimo cha mwisho cha kuzuia. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu kungali kukavu, na maji yakiikaribia alama hiyo, watu waondoke na maji yaachwe yaingie. Sakafu husafishika, ukuta ulioangukia watu hauna marekebisho.