Damu Inavyofichua Kifafa cha Mimba Mapema
Mkoani Mbeya, wajawazito wenye hali ngumu hupelekwa Meta, kitengo cha wazazi cha Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Huko, kifafa cha mimba ni tishio kubwa.

Chanzo chake ni kondo la nyuma, wiki nyingi kabla presha haijapanda. Kondo lenye hitilafu hutoa protini ya PlGF kidogo. Baadaye protini nyingine, sFlt-1, huzidi. Zote hupimika kwenye damu.

Utafiti wa ASPRE wa mwaka 2017 uliunganisha vipimo vya damu, presha na ultrasaundi. Baadhi ya walioonekana kuwa hatarini walipewa aspirini miligramu 150 kila usiku, na ugonjwa kabla ya wiki ya 37 ukapungua kwa asilimia 62.

Zahanati za vijijini hupima presha na mkojo. Kwa kuwa tatizo huanza mapema, mjamzito aanze kliniki kabla ya wiki ya 12.