Mwenzetu akiwa na mawazo mengi

Wazazi wapendwa, sisi wanafunzi wa sekondari hapa Nyarugusu tunajuana. Kambi ipo tangu mwaka 1996. Wengine tumezaliwa humu humu, wengine tulikuja kwa miguu. Mwenzetu akianza kujitenga, kusinzia darasani au kuacha mpira, sisi ndio tunaona kwanza.

Basi tunafanyaje? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 unataja mambo matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Tunaongea naye bombani au njiani tukirudi nyumbani. Hatumlazimishi kusimulia ya vita. Hatumwambii "jikaze, wengine wameteseka zaidi". Tunamsikiliza tu.

Siri yake tunaitunza, lakini siyo kila siri. Akisema anataka kufa, au kuna mtu anamuumiza, hatumwachi peke yake. Tunamwambia wazi: "Hili peke yetu hatuliwezi, twende wote kwa mtu mzima." Akikasirika, akasirike, bora awe hai.

Na ninyi wazazi, tukiwagongea usiku na neno kama hilo, msitufukuze, wala msimchape. Mkalisheni, mpeni chai, mpelekeni hospitali. Msimwache peke yake hata kidogo.