Ziwa ni Bure, Kitanda Ndicho Ghali

Kila ikikaribia Juni, swali lilelile huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili wa Minneapolis na vitongoji vyake: watoto wanafunga shule, tuwapeleke wapi? Wengi hujibu Duluth, na kutoka hapo kuendelea na ukanda wa kaskazini wa Ziwa Superior, ule unaoitwa North Shore. Swali linalofuata ni la bei, na hapo ndipo hesabu hupinda. Watu huulizana tiketi: boti ya watalii kiasi gani, nyumba ya samaki kiasi gani, mnara wa taa kiasi gani. Kumbe tiketi nyingi si za lazima. Kinachomaliza pesa kule ni mahali pa kulala, na bei ya mahali pa kulala hutegemea umechagua wikiendi ipi.

Tuanze na vya bure, maana ni vingi na ndivyo vizuri kuliko vyote. Superior ndilo ziwa kubwa zaidi duniani kwa eneo miongoni mwa maziwa yasiyo na chumvi, kama kilomita za mraba 82,000. La pili ni Victoria letu. Aliyekulia Mwanza au Kisumu ataukuta upeo uleule usio na ng'ambo, ila akitia mguu majini atajua yuko ugenini. Hata Julai maji haya hukata mfupa. Mchanga wa kuchezea uko Park Point, Duluth, kilomita kadhaa za ufukwe, na hakuna anayekudai kitu. Kule Silver Bay kuna ufukwe wa Black Beach, nao wa bure, wenye mchanga mweusi ambao watoto huusifu sana. Weusi huo umetokana na mabaki ya madini ya chuma ambayo kiwanda kilikuwa kikiyamwaga ziwani hadi kesi kubwa ya miaka ya 1970 ilipokizuia. Picha hutoka nzuri, lakini ni vyema mtu ajue amesimama juu ya nini.

Cha bure ninachokiweka mbele ya vyote ni daraja la Aerial Lift, pale Canal Park, mjini Duluth. Lilijengwa mwaka 1905, na karibu miaka 25 baadaye likageuzwa kuwa la kunyanyuka. Kengele inalia, magari yanasimama, kisha kipande kizima cha barabara kinapanda juu kikiwa kimelala vilevile. Chini yake inaingia meli ya madini yenye urefu wa mita 300, imejaza mfereji, karibu nawe kiasi kwamba mabaharia wanaweza kuitikia salamu yako. Nahodha anapiga honi, daraja linajibu. Mtoto mdogo mzibe masikio. Hapo jirani kuna makumbusho ya meli yanayoendeshwa na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani, nayo hayana kiingilio. Ratiba ya meli hutangazwa, kwa hiyo itazame kabla hujatoka nyumbani. Kufika Canal Park ukaambiwa meli imeondoka nusu saa iliyopita ni hasara ambayo hairudishwi. Maegesho ya pale hulipiwa majira ya joto, ila ya ufukwe wa Park Point ni bure.

Ukishayaona hayo ukiwa umesimama nchi kavu, sioni kwa nini familia ya watu wanne itoe dola mia na ushee kupanda boti ya watalii ili ilione daraja lilelile kwa upande wa chini. Nyumba ya samaki ya Great Lakes Aquarium ni nzuri, lakini iwekeni akiba ya siku ya mvua.

Sasa tuje kwenye kitanda. Chukua familia ya baba, mama na watoto wawili, inayotoka Minneapolis. Hadi Duluth ni kilomita 250 hivi kwa barabara kuu ya 35, na ukiendelea na barabara ya 61 hadi mnara wa taa wa Split Rock unaongeza kama 75. Kwenda na kurudi ni kilomita 650, yaani galoni 16 kwa gari la kawaida. Tukikadiria dola 3.25 kwa galoni, mafuta ni dola 50 na kitu. Mkitoka saa 11 alfajiri, chakula mmebeba kwenye boksi la barafu, siku nzima inaweza kuisha kwa dola 70. Ubaya wake ni zaidi ya saa saba barabarani, na anayeendesha harudi na mapumziko yoyote.

Ukichagua hoteli ya Duluth inayotazama ziwa, Jumamosi ya Julai, si ajabu kuona dola 250 kwa usiku mmoja kabla ya kodi, na hoteli nyingi wikiendi hazikubali usiku mmoja. Hapo tayari ni dola 500 na ushee, bado hamjala. Hoteli hiyohiyo Jumatatu au Jumanne hushuka sana. Kwa hiyo mwenye zamu za hospitali au za nyumba za wazee, ambaye siku zake za mapumziko huangukia katikati ya wiki, ana faida ambayo mwenye kazi ya ofisini hana, na mara nyingi hajui kama anayo. Wengine huvuka daraja jingine na kulala upande wa pili wa bandari, mji wa Superior, jimbo la Wisconsin, ambako vyumba huwa nafuu. Lakini ukiwa huko usidhani hifadhi za Wisconsin zitakuwa rahisi pia: gari lenye namba za jimbo lingine hutozwa zaidi.

Ya kuepuka kabisa ni wikiendi ya Grandma's Marathon, Juni, mbio zinazofanyika Duluth tangu 1977. Maelfu ya wakimbiaji hujaza mji na bei hupanda hadi mtu ahisi ananunua chumba badala ya kukipanga.

Njia ya tatu ni hema. Najua wengi wetu tukiisikia tunacheka: nimeacha nyumba yenye kiyoyozi nikalale chini na mbu? Lakini tazama hesabu. Nafasi ya kambi katika hifadhi ya jimbo ni kama dola 25 kwa usiku, ada ya kuweka nafasi 7, na kibali cha gari. Siku mbili za kulala, pamoja na kuni, hazifiki dola 100. Kila nafasi ina meza na pete ya chuma ya kuwashia moto, yenye wavu juu. Wamarekani huchomea soseji hapo. Sisi tunajua wavu ule ulitengenezewa mbuzi. Kuni msibebe kutoka nyumbani, kwani hifadhi hutaka kuni zilizoidhinishwa ili wadudu waharibifu wa miti wasisafirishwe. Nafasi hufunguliwa siku 120 kabla, na za Julai kando ya ziwa huchukuliwa mapema mno, hivyo anayetaka Julai akae kwenye kompyuta mwezi Machi. Hema usikimbilie kununua. Idara ya maliasili ya Minnesota ina mafunzo yanayoitwa I Can Camp, ambako familia hupewa hema, vifaa na mtu wa kuwaelekeza. Ukilala siku moja namna hiyo utajua kama hema ni lako au si lako, kabla hujaacha fedha dukani.

Kuna cha bei ya chini kuliko hicho: sifuri. Njia ya miguu ya Superior Hiking Trail, ya karibu kilomita 500, ina kambi zaidi ya 90 ambazo hazilipiwi wala haziwekewi nafasi. Lakini vitu vyote unabeba mgongoni, na kwa watoto wa miaka sita sishauri.

Kibali cha gari nilichokitaja kuna cha siku na cha mwaka, na kinaingiza gari lenye kila aliyemo. Siku tano zinatosha kurudisha pesa ya kile cha mwaka, tena kinatumika katika hifadhi zote za jimbo, ikiwemo ile iliyo karibu na kwenu. Baadhi ya maktaba za umma huazimisha kibali cha siku saba kama zinavyoazimisha vitabu. Na hifadhi mbili za ukanda huu hazina haja nacho: Gooseberry Falls, ukiegesha kwenye kituo cha wageni, na Grand Portage, iliyo kwenye ardhi ya Waojibwe mpakani mwa Kanada, yenye maporomoko ya mita 36 hivi. Gooseberry ina njia iliyosakafiwa hadi karibu na maji, kwa hiyo bibi aliyekuja kutembelea wajukuu naye atafika kwa mwendo wake, bila mtu kumbeba.

Huko Grand Portage, angalizo moja. Mbele kidogo ni kituo cha forodha cha Kanada. Mwenye kadi ya kijani anapita kwa kadi hiyo na pasipoti halali ya kwao bila viza. Ambaye makaratasi yake bado yanashughulikiwa asivuke hata kwa kutaka picha tu, maana shida ni ya kurudi.

Kitu pekee cha kulipia ambacho ninakitetea ni mnara wa taa wa Split Rock. Novemba 1905 dhoruba moja iliharibu karibu meli 30 katika ziwa hili, na wenye meli wakaidai serikali taa. Ilianza kuwaka mwaka 1910, juu ya jabali, wakati ambapo barabara haikuwepo, hivyo matofali na chuma vilikuja kwa maji na kupandishwa kwa winchi. Ilistaafishwa 1969. Tiketi ya mtu mzima inazidi dola 10, na waelekezaji waliovaa kizamani wanaujua mnara wao barabara. Lakini kama mnachotaka ni ile picha ya kwenye kadi za posta, haipigwi kutoka juu. Inapigwa ufukweni, ndani ya hifadhi ya jimbo, na kibali cha gari cha siku moja kinatosha.

Majini, tofauti ya gharama ni kubwa zaidi. Safari ya kayaki na mwongozaji kwenye Superior mara nyingi hupita dola 60 kwa kichwa, na kwa ziwa lenye baridi namna hii mwongozaji si anasa. Ukitaka utulivu kwa pesa ndogo, panda bara hadi Boundary Waters, nyika yenye maziwa zaidi ya elfu moja ambako sehemu kubwa injini ni marufuku. Kibali cha kulala ni dola 16 kwa mtu mzima na 8 kwa mtoto, kwa safari nzima hata ikiwa ya wiki, na cha kutembelea mchana kwa kasia ni bure, unakijaza mwenyewe mlangoni. Kundi lisizidi watu tisa. Makopo na chupa za glasi haziruhusiwi, kwa hiyo soda na maharage ya kopo viacheni kwenye gari. Mtumbwi mtakodi Ely au Grand Marais. Inzi weusi hutesa hasa mwishoni mwa Mei na Juni, na kupe mjikague kila jioni.

Wavuvi nao wasisahau leseni: dola 25 kwa mwaka kwa aliyeishi Minnesota siku 60 au zaidi, na mkazi wa chini ya miaka 16 hahitaji. Kwa Superior yenyewe kuna nyongeza ya stempu ya trauti, dola 10. Boti ya kukodi na nahodha wake ni mamia ya dola, na mvua ikinyesha samaki hawana habari kwamba umelipa. Mimi huelekea Knife River, barabarani, wanakouza trauti na samaki wengine wa ziwa waliokaushwa kwa moshi, wamefungwa kwenye karatasi. Nunua nusu ratili, kula kwa ugali jioni kambini. Na mvae sweta: upepo ukigeuka kutoka ziwani, joto la nyuzi 30 hushuka hadi 15 kabla sufuria haijachemka.